Ungo wa Satelaiti Kumsenga: Mambo ya Kuzingatia kwa Wanaoishi katika Magari na Makazi ya Muda

Wakazi wa Kata ya Kumsenga, Wilaya ya Kibondo, pamoja na watumishi, mafundi wa barabara, watafiti na wasafiri wanaoishi kwa muda katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, wanaweza kupokea matangazo ya televisheni kwa njia ya satelaiti hata mahali ambapo mawimbi ya minara ya ardhini hayafiki. Jambo la msingi wanalopaswa kulifahamu ni kwamba ungo uliokuwa ukifanya kazi vizuri Dar es Salaam hauwezi kufanya kazi Kumsenga ukifungwa vilevile ulivyofungwa huko. Satelaiti haihami, lakini pembe ya kuitazama hubadilika kila mtu anapohama.

Ufafanuzi huu una umuhimu wa pekee kwa wanaoishi katika magari-nyumba, yaani magari yaliyotengenezwa yawe na kitanda, jiko na mahali pa kukaa, na kwa wanaolala katika makontena na mahema ya kambi za kazi. Mwenye nyumba ya kudumu huelekeza ungo wake mara moja, akaendelea na shughuli zake kwa miaka kadhaa. Mwenye gari hulazimika kuuelekeza kila anapoegesha. Asiyeelewa kanuni zake hujikuta akimlipa fundi kila kituo, akinunua vifaa asivyovihitaji, au akilipia kifurushi cha mwezi ambacho siku zake huhesabika huku skrini ikiwa tupu.

Suala hili halihusu burudani pekee. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatambua haki ya kila mtu kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Tahadhari za mvua kubwa, maelekezo kuhusu magonjwa ya mlipuko, ratiba za uandikishaji wa wapiga kura na matangazo ya pembejeo za kilimo hutolewa pia kwa njia ya televisheni. Kwa anayeishi mbali na mji, ungo ulioelekezwa sawasawa ni sehemu ya namna haki hiyo inavyomfikia.

Kwa nini milima huzuia mnara lakini haizuii satelaiti

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba, 2012, kwa kuanzia na Jiji la Dar es Salaam, na baadaye kuendelea katika maeneo mengine. Tangu wakati huo, anayepokea matangazo kutoka kwenye mnara wa ardhini huhitaji antena pamoja na kisimbusi, maarufu kama king'amuzi. Mawimbi hayo hutoka mnarani na kusafiri karibu na uso wa nchi. Yanapokutana na kilima, hukatika au hudhoofika. Kibondo na Kasulu ni nchi ya vilima na mabonde, kwa hiyo nyumba iliyo juu ya kilima inaweza kupata picha safi, na jirani aliye bondeni, umbali wa kutembea kwa miguu, asipate kitu.

Matangazo ya satelaiti hufuata njia tofauti. Satelaiti za televisheni zimewekwa juu ya mstari wa Ikweta, umbali wa takriban kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, na huzunguka kwa mwendo unaolingana na mzunguko wa dunia yenyewe. Kwa sababu hiyo, mtu aliye chini huiona satelaiti kana kwamba imetundikwa mahali pamoja angani, mchana na usiku.

Kibondo ipo chini ya nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Ukaribu huo ni neema kwa mwenye ungo, kwa kuwa satelaiti nyingi zinazohudumia Afrika Mashariki huonekana juu sana angani, na mawimbi yake hushuka kutoka juu badala ya kupita ubavuni mwa milima. Kwa mfano, satelaiti iliyo katika nyuzi 7 mashariki huonekana kutoka Kibondo kwa mwinuko wa takriban nyuzi 62. Ili kilima kinachozidi usawa wa ungo kwa mita 100 kiweze kuiziba, kilele chake kingelazimika kuwa umbali wa mita 53 tu kutoka ulipo ungo. Ni nadra mtu kuegesha gari mahali pa namna hiyo.

Hali ni tofauti katika nchi zilizo mbali na Ikweta. Mjini London, satelaiti kuu ya televisheni ya huko, iliyo katika nyuzi 28.2 mashariki, huonekana kwa mwinuko wa nyuzi 25 hivi tu, upande wa kusini-mashariki. Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vinavyokuja na magari-nyumba kutoka Ulaya husisitiza kutafuta uwanja ulio wazi upande wa kusini. Maelekezo hayo hayafai kufuatwa Kigoma, ambako satelaiti zipo juu na upande wa kusini hauna kazi yoyote kwa mwenye ungo.

Kutambua aina ya kisimbusi kabla ya safari

Visimbusi vinavyouzwa nchini ni vya aina mbili kuu: vinavyotumia antena na vinavyotumia ungo. Kisimbusi cha antena hakipokei mawimbi ya satelaiti hata kikiunganishwa na ungo mkubwa kiasi gani, na cha ungo hakipokei mawimbi ya mnara kama hakikutengenezwa kwa kazi hizo mbili. Mtu anayehamia au kusafiri kwenda Kumsenga anashauriwa kusoma kasha na kijitabu cha kisimbusi chake kabla ya kuondoka, ili asije akabeba kifaa cha antena kwenda bondeni ambako hakuna mnara unaoonekana.

Hatua inayofuata ni kujua kisimbusi hicho kinatumia satelaiti ipi. Kila mtoa huduma hutumia satelaiti yake, na ungo mmoja wenye kipokezi kimoja hutazama mahali pamoja tu angani. Kwa mfano, huduma ya Azam TV hutumia satelaiti iliyo katika nyuzi 7 mashariki, na huduma ya DStv katika ukanda huu hutumia iliyo katika nyuzi 36 mashariki. Mifano hii imetolewa kwa ajili ya kuelimisha na si pendekezo la kununua. Anayetumia huduma nyingine aulize kwa mtoa huduma wake nyuzi za satelaiti husika, na aziandike mahali ambapo hatazipoteza.

Ikumbukwe pia kwamba Wilaya ya Kibondo inapakana na nchi ya Burundi. Mawimbi ya satelaiti hayafuati mpaka, lakini haki za kuonyesha matangazo hutolewa kwa kufuata nchi. Kisimbusi kilichosajiliwa nje ya nchi kinaweza kuonyesha kwamba mawimbi yapo na bado chaneli zisifunguke, na mtoa huduma wa hapa nchini asiwe na namna ya kusaidia.

Pembe za Kumsenga na kwa nini si za Dar es Salaam

Kuelekeza ungo kunahitaji vipimo vitatu. Cha kwanza ni mwelekeo wa dira, unaohesabiwa kutoka kaskazini kwa kupitia mashariki. Cha pili ni mwinuko kutoka usawa wa ardhi kwenda juu. Cha tatu ni mzunguko wa kipokezi kidogo kilicho mbele ya ungo, ambacho mafundi hukiita LNB.

Kwa satelaiti iliyo katika nyuzi 7 mashariki, anayesimama Kibondo hutazama nyuzi 278 za dira, yaani karibu magharibi kamili na kuegemea kaskazini kidogo, kwa mwinuko wa nyuzi 62. Dar es Salaam satelaiti hiyohiyo hutazamwa katika nyuzi 281, lakini kwa mwinuko wa nyuzi 52. Tofauti ya mwinuko ni nyuzi 10.

Kwa satelaiti iliyo katika nyuzi 36 mashariki, tofauti ni ya kushangaza zaidi. Dar es Salaam ipo mashariki ya satelaiti hiyo, na Kibondo ipo magharibi yake. Kwa hiyo ungo wa Dar es Salaam huegemea kaskazini-magharibi, katika nyuzi 335 hivi, ilhali wa Kibondo huegemea kaskazini-mashariki, katika nyuzi 56 hivi. Mwinuko ni nyuzi 81 Dar es Salaam na nyuzi 82 hadi 83 Kibondo, yaani karibu utosini. Mtu akiiga mwelekeo aliouzoea Pwani, atatafuta upande usiokuwa na satelaiti.

Tofauti hizi ni kubwa kwa sababu ungo wa majumbani wenye kipenyo cha sentimita 60 hadi 90 huona sehemu ndogo sana ya anga, takriban nyuzi 2 hadi 3 tu. Kosa la nyuzi 10 haliwezi kufidiwa kwa kuongeza ukubwa wa ungo. Kinyume chake, ungo mkubwa zaidi huona sehemu nyembamba zaidi, na huhitaji kuelekezwa kwa umakini zaidi.

Ndani ya nyanda za juu zenyewe mabadiliko ni madogo. Anayetoka Kibondo kwenda Kasulu atahitaji kusogeza ungo kwa nyuzi chache tu za mwelekeo na nyuzi moja hivi ya mwinuko. Hata hivyo, kwa kuwa gari halisimami mahali penye usawa uleule, hana budi kupima upya.

Hatua za kufunga ungo pembeni mwa gari

Kwanza, mahali pa kuegesha pachaguliwe kwa kuangalia juu na si mbele pekee. Kwa satelaiti ya nyuzi 7 mashariki, mti unaozidi usawa wa ungo kwa mita 10 utaziba mawimbi ukiwa ndani ya mita 5 hivi upande wa magharibi. Kwa satelaiti ya nyuzi 36 mashariki, tatizo ni tawi au turubai lililo juu ya ungo wenyewe. Majani mabichi, hasa yakiwa na maji ya mvua, huzuia mawimbi kama ukuta. Migomba na mikaratusi iliyo karibu na gari itazamwe kwa makini, kwa kuwa hutikisika kwa upepo na kuifanya picha ikatike na kurudi.

Pili, ungo uwekwe chini juu ya stendi ya miguu mitatu, pembeni mwa gari. Ungo uliofungwa kwenye paa huyumba kila mtu anapotembea ndani, na myumbo wa nyuzi 2 unatosha kupoteza picha. Miguu ya stendi ikandamizwe kwa mawe au mifuko ya mchanga, kwa kuwa upepo wa nyanda za juu huweza kuiangusha.

Tatu, nguzo ya ungo iwe wima kabisa. Vipimo vilivyochorwa kwenye kishikizo cha ungo hutegemea nguzo iliyonyooka. Pima maji ya fundi mwashi au kamba yenye jiwe inatosha kuhakiki. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na ndiyo inayowachelewesha wengi, kwa sababu nguzo ikiinama hata namba sahihi ya mwinuko hutoa jibu lisilo sahihi.

Nne, mwinuko uwekwe kwa kufuata vipimo vya kwenye kishikizo, si kwa kukadiria kwa jicho. Katika nyungo nyingi za majumbani, kipokezi hakikai katikati ya uso wa ungo bali chini yake. Kwa sababu hiyo, uso wa ungo huonekana umesimama wima zaidi kuliko mahali unapotazama kwa hakika. Anayekadiria kwa jicho huuelekeza juu kupita kiasi.

Tano, LNB izungushwe katika kishikio chake. Katika maeneo yaliyo karibu na Ikweta, mzunguko unaotakiwa huwa mkubwa kuliko unaoonyeshwa kwenye picha za vijitabu vya nchi nyingine. Kwa satelaiti ya nyuzi 7 mashariki, kifaa hicho kinaweza kuhitaji kuzungushwa karibu robo ya duara kutoka mkao wake wa wima. LNB ikiwa katika mkao usio sahihi, baadhi ya chaneli zinaweza kuonekana na nyingine zisionekane, hata kama ungo wenyewe umeelekezwa vizuri.

Sita, kebo iunganishwe kisimbusi kikiwa kimezimwa. Kisimbusi hupeleka umeme wa volti 13 au 18 kwenye LNB kupitia kebo hiyohiyo inayoleta mawimbi. Nyuzi ndogo za nje ya kebo zikigusa waya wa katikati, hutokea shoti inayoweza kuharibu kisimbusi. Kebo iwe fupi kadiri inavyowezekana, isiwe na viungio visivyo vya lazima, na isibanwe na mlango wa gari.

Saba, ungo uzungushwe polepole kulia na kushoto huku mtu wa pili akitazama ukurasa wa mawimbi kwenye skrini. Ukurasa huo huwa na vipimo viwili: cha nguvu na cha ubora. Kipimo cha nguvu huweza kupanda hata ungo unapotazama anga tupu, kwa kuwa huonyesha tu kwamba LNB imeunganishwa na inafanya kazi. Kipimo cha ubora ndicho kinachothibitisha kwamba satelaiti iliyokusudiwa imepatikana. Kisimbusi huchukua sekunde kadhaa kutambua mawimbi, hivyo baada ya kila msogeo mdogo fundi asubiri kidogo. Ubora ukishafikia kilele chake, skrubu zikazwe moja baada ya nyingine huku kipimo kikiendelea kuangaliwa.

Dira ya simu husaidia kupata mwelekeo, lakini isitumike ikiwa imeegemezwa kwenye bodi ya gari au kwenye ungo, kwa kuwa chuma huipotosha. Asimame mita kadhaa kutoka kwenye gari, atafute mwelekeo, kisha aweke alama kwa kitu cha mbali kama mti au kona ya nyumba. Zipo pia programu za simu zinazokokotoa pembe kwa kutumia mahali mtu alipo. Zinafaa kupakuliwa mjini kabla ya kufika mahali penye intaneti hafifu.

Kuhusu antena zinazojitafutia satelaiti zenyewe, zinazofungwa juu ya magari-nyumba, mnunuzi anapaswa kujiridhisha na mambo mawili. Kwanza, je, orodha ya satelaiti iliyomo ndani yake ina zile za Afrika Mashariki? Pili, je, kifaa kinaweza kuinuka hadi nyuzi 82? Baadhi ya vifaa hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya Ulaya, ambako mwinuko ni mdogo, na haviwezi kufikia satelaiti iliyo karibu na utosi. Aidha, kifaa kinachojitafutia gari likiwa limesimama si sawa na kinachoweza kufuata satelaiti gari likiwa katika mwendo. Hiki cha pili huwa na gharama kubwa zaidi.

Umeme wa kutosha jioni moja

Matumizi ya umeme ya televisheni ndogo na kisimbusi si makubwa, lakini yahesabiwe. Televisheni ya wati 30 na kisimbusi cha wati 15 hutumia jumla ya wati 45. Kwa saa 4 za jioni, hiyo ni wati-saa 180, sawa na ampea-saa 15 kutoka betri ya volti 12. Betri ya pili yenye ampea-saa 100, isiyotumika kuwasha injini, hutosha kwa kazi hiyo bila kuchoshwa, na hujazwa tena mchana kwa paneli ya sola kupitia kidhibiti cha chaji. Betri ya kuwashia injini isitumike kwa televisheni, kwa kuwa dereva anaweza kuamka asubuhi gari lisiwake, na msaada ukawa mbali.

Visimbusi vingi hutumia volti 12 kupitia adapta yake. Kabla ya kukiunganisha moja kwa moja na umeme wa gari, maandishi ya nyuma ya kifaa yasomwe, na kifaa cha kusawazisha volti kiwekwe kati yake na betri. Injini inapofanya kazi, umeme wa gari hupanda kupita volti 14, na huweza kuunguza kisimbusi. Anayetumia inveta azingatie kwamba nayo hutumia sehemu ya umeme wa betri hata kabla ya kuwasha televisheni.

Mvua na jua

Matangazo mengi ya satelaiti yanayopokelewa kwa nyungo ndogo hutumia masafa ya kati ya gigahezi 10.7 na 12.75. Matone makubwa ya mvua hunyonya na kutawanya mawimbi ya masafa hayo. Picha inapokatika wakati wa mvua kubwa na kurudi baada ya mvua kupungua, hiyo si hitilafu ya ungo, na hakuna sababu ya kuusogeza. Anayeusogeza katikati ya mvua atalazimika kuanza upya mvua ikiisha. Hata hivyo, ungo unaopoteza picha kwa manyunyu madogo unaashiria kwamba haukuelekezwa kwenye kilele cha ubora, au kwamba maji yameingia kwenye kiungio cha kebo.

Lipo pia jambo linalotokea mara mbili kwa mwaka. Karibu na tarehe 21 Machi na tarehe 21 Septemba, jua hupita nyuma ya satelaiti kama inavyoonekana kutoka ardhini, na mawimbi ya asili ya jua hufunika yale ya satelaiti. Kwa siku chache, picha hukatika kwa dakika kadhaa mchana kisha hurejea yenyewe. Wakati huo hakuna haja ya kumwita fundi.

Usalama wa maisha kwanza

Nyanda za juu za Kigoma ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi wakati wa masika na vuli. Ungo uliosimama nje na kuunganishwa kwa kebo hadi ndani ya gari ni njia inayoweza kuingiza nguvu ya radi mahali watu walipo. Mara wingu zito linapoanza kunguruma, kisimbusi na televisheni vichomolewe kwenye umeme, na kebo ya ungo itenganishwe na kisimbusi. Kuzima kwa rimoti pekee hakutoshi. Asiyewahi kufanya hivyo kabla ya radi kukaribia aviache vifaa kama vilivyo na asiviguse, kwa kuwa kifaa hununuliwa kingine, lakini uhai haununuliwi.

Mtu aliye ndani ya gari lenye bodi kamili ya chuma yupo mahali salama zaidi kuliko aliye chini ya mti, ilimradi madirisha yamefungwa na hagusi bodi wala kebo inayotoka nje. Hema na turubai havitoi kinga hiyo. Hakuna anayepaswa kupanda juu ya paa au kushika nguzo ya ungo wakati wa ngurumo.

Nguzo isisimamishwe chini au karibu na nyaya za umeme. Kabla ya kuinua kitu chochote kirefu cha chuma, mhusika atazame juu na kuhakikisha kwamba nguzo hiyo, hata ikianguka, haiwezi kugusa waya. Jenereta nayo isiwashwe ndani ya gari, ndani ya hema wala chini ya dirisha. Moshi wake una hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu waliolala.

Kabla ya kuondoka, ungo ushushwe, kebo ikunjwe na stendi ifungwe vizuri. Ungo ulioachwa juu ya gari unaweza kugonga matawi au kudondoka barabarani na kuhatarisha waendesha pikipiki. Televisheni inayoonekana kutoka kiti cha dereva izimwe gari linapokuwa katika mwendo.

Malipo, mafundi na malalamiko

Njia rahisi ya kuepuka hasara ni kutafuta mawimbi kwanza na kulipia kifurushi baadaye. Ukurasa wa vipimo vya nguvu na ubora hufanya kazi hata kifurushi kikiwa kimekwisha. Kwa hiyo, msafiri akishafika na kuona ubora wa kuridhisha, ndipo alipie. Akilipia kabla ya kufika, siku za kifurushi huanza kuhesabika akiwa njiani.

Ujumbe unaoonekana kwenye skrini nao utofautishwe. Ujumbe wa kukosekana kwa mawimbi humaanisha tatizo lipo kwenye ungo, LNB au kebo, na malipo hayataliondoa. Ujumbe wa kwamba chaneli haijafunguliwa au kadi haina malipo humaanisha mawimbi yapo, na tatizo linamhusu mtoa huduma. Wananchi wasikubali kuuziwa LNB mpya kwa tatizo la malipo, wala kushawishiwa kupandisha kifurushi kwa tatizo la ungo.

Anayemtumia fundi amtake aonyeshe kipimo cha ubora kwenye skrini kabla ya kulipwa, na aandike pembe alizotumia. Namba hizo zitamsaidia mwenye gari kuusimamisha ungo mwenyewe atakaporudi mahali hapo. Vifaa vinunuliwe kwa wauzaji wanaotoa risiti, na dhamana isomwe kabla ya kuondoka dukani.

Mwenye malalamiko kuhusu huduma anapaswa kuanza kwa mtoa huduma wake, akitunza kumbukumbu ya tarehe, namba ya kisimbusi na majibu aliyopewa. Asiporidhika, anaweza kuyafikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo yenye jukumu la kusimamia sekta ya mawasiliano na utangazaji nchini. Malalamiko yenye kumbukumbu kamili hushughulikiwa kwa urahisi zaidi kuliko maelezo ya mdomo pekee.

Kwa wananchi wa Kumsenga wenye nyumba za kudumu, kanuni ni hizohizo, isipokuwa wao huzitumia mara moja. Kwa wanaoishi katika magari na kambi, karatasi moja iliyoandikwa jina la mahali, nyuzi za dira, mwinuko na mkao wa LNB, ikatunzwa pamoja na nyaraka za gari, itapunguza kazi ya saa nzima kuwa ya dakika chache, na kuwawezesha kupata taarifa ya habari ya jioni hiyohiyo waliyofika.